Kihisi cha sukari: kinavyofanya kazi na yanayompasa anayekivaa kuyajua

Kihisi cha sukari ni kifaa kidogo, upana wake unakaribia ule wa sarafu, kinachobandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa wa kisukari, aghalabu nyuma ya mkono juu ya kiwiko au tumboni. Kazi yake ni kupima glukozi mchana na usiku, bila mgonjwa kulazimika kujichoma kidole kila mara. Ulaya na Marekani kimekuwa kifaa cha kawaida. Katika ukanda wetu bado ni adimu, na baadhi ya vihisi hufika ndani ya sanduku la ndugu anayerejea kutoka ng'ambo, bila daktari wala maelezo ya Kiswahili. Makala haya yanawalenga hasa wasikilizaji wanaokipokea kwa njia hiyo.

Kinachopimwa si damu

Chini ya kifaa hicho umo uzi mwembamba, unaopenyezwa milimita chache tu ndani ya ngozi. Uzi huo haugusi mshipa wa damu, bali hukaa katika majimaji yaliyo baina ya seli. Juu yake kumepakwa kimeng'enya ambacho, kikikutana na glukozi, huzalisha mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo huo hugeuzwa kuwa namba. Msingi wa ufundi huu uliwekwa mwaka 1962 na Leland Clark na mwenzake Champ Lyons huko Marekani. Hata hivyo, idhini ya kwanza ya kifaa cha namna hii nchini humo ilitolewa mwaka 1999, na FreeStyle Libre, kilichokieneza kihisi miongoni mwa watu wa kawaida, kiliingia soko la Ulaya mwaka 2014.

Kwa kuwa sukari hutangulia kupita katika damu kabla ya kuingia katika majimaji hayo, namba ya kihisi huchelewa dakika kadhaa nyuma ya ukweli. Sukari ikiwa imetulia, kuchelewa huko hakuna madhara. Ikipanda au kushuka kwa kasi, baada ya mlo, mbio au sindano ya insulini, tofauti huwa kubwa. Ndiyo maana kando ya namba huonekana mshale. Namba 90 yenye mshale uliolala ni habari njema. Namba hiyo hiyo yenye mshale unaoelekea chini ni onyo, hasa kwa mtu anayetaka kulala au kushika usukani.

Kuchelewa huko huleta kosa linalojulikana sana. Sukari ikishuka chini ya 70, mgonjwa hushauriwa kutumia takriban gramu 15 za sukari ya haraka, kama maji ya matunda au sukari iliyoyeyushwa katika maji, kisha asubiri dakika 15. Lakini kihisi huweza kuendelea kupiga kengele ilhali damu imekwisha kupona. Asiyelijua hilo huongeza kikombe cha pili na cha tatu, na saa moja baadaye hujikuta juu ya 250. Wapo pia wanaoongeza sindano ya insulini juu ya nyingine kwa kuona namba haishuki upesi. Kosa hilo ni baya zaidi, kwa maana dozi zote huja kufanya kazi kwa pamoja.

Namba zisizozungumza lugha moja

Suala hili halizungumzwi vya kutosha. Vituo vya afya vya Tanzania na Kenya kwa kawaida huandika sukari kwa milimoli kwa lita. Burundi, Rwanda na Kongo mara nyingi huandika kwa miligramu kwa desilita, na daktari aliyesomea katika mfumo wa Kifaransa huweza kutaja gramu kwa lita. Ili kupata miligramu, zidisha milimoli mara 18: 3.9 ni sawa na 70, na 10 ni sawa na 180.

Sasa mfikirie bibi aliyezoea kusikia 110 au 150, aliyeletewa kipokezi kutoka Uingereza, naye anasoma 12. Akidhani sukari imekwisha mwilini, atakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, kumbe tayari yuko 216. Baadhi ya vipokezi haviwezi kubadilishwa kipimo baada ya kutoka kiwandani. Kwa hiyo anayenunua kifaa ng'ambo aulize kwanza: kinasoma kwa kipimo kipi? Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ipi? Je, programu yake inakubali simu ya mgonjwa, na inapatikana katika nchi anayoishi?

Siku za kukivaa

Aghalabu kihisi kimoja hudumu siku 10 hadi 15 kulingana na aina, kisha hutupwa. Maji ya kuoga hayakidhuru. Jasho la Bujumbura au Kigoma ndilo hulegeza gundi, hivyo ngozi isafishwe, ikaushwe vizuri, na isipakwe mafuta kabla ya kukibandika. Ngozi ikiwasha na kutoa malengelenge, huenda ni mzio wa gundi, na kifaa kiondolewe.

Anayelala juu ya mkono wenye kihisi huweza kuamshwa na kengele ya sukari kushuka, ilhali hakuna kilichoshuka: ngozi imebanwa tu. Dawa nazo hupotosha. Vitamini C kwa wingi huweza kupandisha namba katika baadhi ya aina, na parasetamoli iliyozidi kipimo katika nyingine. Kwa jamii zetu lililo zito zaidi ni haidroksiyurea, dawa wanayopewa wengi wenye selimundu. Katika vihisi vya Dexcom dawa hiyo huonyesha sukari ya juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kujidunga insulini asiyoihitaji. Mwenye magonjwa hayo mawili asitegemee kihisi cha aina hiyo.

Kwa sababu hizi mashine ya kidole na vijiti vyake visitupwe. Kanuni ni nyepesi: mwili ukisema jambo moja na kihisi jingine, pima kidole.

Katika mwezi wa Ramadhani kihisi humsaidia mfungaji kujua mapema anakoelekea. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema saumu ikatishwe sukari ikiwa chini ya 70 au juu ya 300, na kwamba kupima sukari hakubatilishi saumu. Uamuzi wa kufunga au kutofunga hujadiliwa na daktari wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuandama mwezi.

Vipi kwa asiyeweza kununua vihisi viwili au vitatu kila mwezi? Kimoja tu, kikivaliwa kwa wiki mbili, chaweza kufundisha mengi: mihogo ya asubuhi inapandisha kiasi gani, ugali ukiliwa na maharagwe na mboga unatofautiana vipi na ugali wa mchuzi mtupu, matembezi ya nusu saa yanashusha nini. Daktari huangalia muda uliotumika kati ya 70 na 180. Watu wazima wengi hulenga zaidi ya asilimia 70 ya siku, na wazee dhaifu huwekewa lengo la asilimia 50 ili wasianguke kwa sukari kushuka. Lakini fedha zikitosha kwa kitu kimoja tu, insulini hutangulia. Kihisi hakitibu.

Kihisi kivuliwe kabla ya kupigwa picha ya MRI. Kifaa cha kukipachikia hubaki na sindano ndani yake: kitiwe katika chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko na kupelekwa kituo cha afya, kisitupwe jalalani wanakocheza watoto.