Mng'ao wa Gari: Kutoka Sandarusi ya Mrima hadi Vumbi la Ngara

Aingiaye wilaya ya Biharamulo kwa njia ya Nyakanazi na Lusahunga, akaendelea magharibi mpaka Ngara na daraja la Rusumo, hupokewa kwanza na udongo. Barabara kuu ina lami, bali njia nyingi ziendazo vijijini ni za udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi lake huliganda gari jeupe mpaka likafanana na tofali la kuchoma. Wekundu huo ni kutu ya chuma. Wala si ajabu, kwani Kagera na nchi jirani ni makao ya kale ya wayeyushaji chuma: huko Katuruka, karibu na Bukoba, kumechimbuliwa masalio ya tanuri za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na upande wa kusini Warongo waliendelea na ufundi huo mpaka karne ya 20.

Kutu hiyo hiyo, ikisagwa ikawa laini mno, ni dawa ya kung'arishia dhahabu na vioo. Lakini vumbi la barabarani huchanganyika na chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari, na atakayelifuta kwa kitambaa kikavu atakuwa amelichora gari lake kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana fundi aijuaye kazi yake, kabla ya kugusa polishi, huanza kwa maji mengi.

Kazi ya fundi huyu, ya kurudisha mng'ao wa rangi kwa mkono, haina mwandishi wa historia. Hata hivyo historia inayo, na sehemu yake kubwa ilipita katika bandari ya Unguja.

Gari la kwanza la Karl Benz, lililopewa hati mwaka 1886, lilizaliwa katika dunia ya magari ya farasi, na magari yaliyolifuata yalirithi rangi yao. Mafundi wa zamani walipaka tabaka juu ya tabaka: rangi ya chini, rangi yenyewe, kisha vanishi mara kadhaa. Kila tabaka lilisubiriwa likauke, likasuguliwa kwa maji na unga wa jiwe jepesi la volkeno, ndipo likapakwa jingine. Gari moja liliweza kuchukua wiki kadhaa. Na vanishi hiyo iliyotoa mng'ao ilitengenezwa kwa mafuta ya kitani, tapentaini na utomvu mgumu wa miti. Miongoni mwa tomvu zote zilizouzwa duniani, iliyosifiwa zaidi kwa ugumu wake iliitwa kwa jina la Zanzibar. Sisi tunaiita sandarusi.

Sandarusi bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, pale ambapo misandarusi ya kale ilikuwa imekufa na utomvu wake kuzikwa kwa muda mrefu hata ukawa kama jiwe. Wachimbaji wa Mrima, Wazaramo miongoni mwao, waliitafuta kwa majembe katika mashimo mafupi, wakawauzia wafanyabiashara wa pwani, nao wakaileta Unguja, ikapimwa kwa frasila na kupakiwa merikebuni. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said bin Sultan na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanunuzi wakubwa. Mizigo mingi ilifika kwao ingali na udongo wake, ikasafishwa huko. Sandarusi iliyooshwa ilionyesha vipele vidogo juu yake, mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wanunuzi waliitambua. Ile mbichi isiyokomaa, ambayo watu wa pwani waliiita chakazi, Waingereza walishindwa kuitamka, wakaigeuza kuwa neno la kwao lenye maana ya punda. Jina likapotoka, mali ikaenda, na mchimbaji akabaki bila kutajwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mng'ao wa magari ya matajiri wa London na Boston ulikuwa na jasho la Mrima ndani yake. Na si utomvu peke yake uliotokana na misitu yetu. Karatasi ya kusugulia, ambayo leo kila fundi rangi wa Tanzania anaiita msasa, imechukua jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Fundi wa Biharamulo aagizapo msasa dukani hutamka, pasipo kukusudia, jina la chombo kilichotangulia viwanda.

Enzi hiyo haikudumu. Kwanza zilikuja tomvu nyingine za bei nafuu, ya New Zealand na ya Kongo. Kisha kiwanda kikaona kwamba wiki kadhaa za kupaka rangi ni nyingi mno. Henry Ford alipoanzisha mstari wa kuunganishia magari mwaka 1913, rangi nyeusi iliyokaushwa kwa moto ilipunguza kusubiri. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikatoa Duco, rangi ya selulosi iliyokauka upesi, na General Motors ikaanza kuitumia katika magari yake ya Oakland. Kazi ya wiki ikawa kazi ya saa. Kuanzia hapo sandarusi ilizidi kupoteza nafasi yake katika mwili wa gari.

Hapa pana badiliko ambalo kwa kawaida halisemwi. Katika ufundi wa kale, kusugua kulikuwa sehemu ya kujenga: fundi alisugua ili tabaka lifuatalo lishike, na mng'ao ukazidi kina. Magari mengi ya leo yana rangi nyembamba iliyofunikwa kwa tabaka angavu lisilo rangi, ambalo unene wake kwa kawaida haufiki ule wa unywele wa binadamu. Kila polishi yenye chembe za kukwaruza hula sehemu ya tabaka hilo. Kusugua, ambako zamani kulikuwa kujenga, leo ni kutumia akiba.

Twarudi sasa Ngara. Wilaya hii ilijulikana duniani kote tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu wakikimbia mauaji na vita. Kambi yao kubwa iliitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Magari ya misaada yalijaa katika milima ya Ngara, na mengi yao yalikuwa meupe. Weupe huo haukuwa urembo. Ulikuwa tangazo, lililopaswa kuonekana kwa mbali, kwamba aliyemo hana silaha. Mahali ambapo rangi hufanya kazi ya cheti, kuosha vumbi jekundu kila siku ni sehemu ya usalama. Baada ya wakimbizi wengi wa Rwanda kurejeshwa kwao Desemba 1996, pori la Biharamulo liliendelea kwa miaka mingi kuogopwa kwa majambazi, na magari yakapita kwa misafara yenye ulinzi wa polisi.

Nje ya misafara hiyo, magari mengi ya raia yalikuja kwa njia nyingine: yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Dar es Salaam. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na gari lililochoka hung'arishwa kabla ya kutembezwa sokoni. Basi lifikapo Ngara, mjini palipo juu ya milima na jua kali, sehemu ya akiba yake imekwisha kutumiwa mbali na macho ya aliyelinunua. Fundi hupewa kilichosalia.

Kwa hiyo ustadi wake uko zaidi katika kujua pa kukomea. Hulitia gari kivulini, bati likapoa. Hupapasa kwa ncha za vidole, maana jicho hudanganywa na maji. Husugua eneo dogo dogo kwa pamba safi, akipita taratibu penye kingo, ambako rangi ni nyembamba zaidi. Kisha hutazama kitambaa: kikichukua rangi ya gari, ajue amefika kwenye rangi yenyewe. Pale tabaka angavu lilipobanduka, hakuna polishi itakayolirudisha, na fundi mwaminifu humwambia mwenye gari hivyo, hata kama kwa kusema hivyo anapoteza ujira wa siku.

Historia iandikwayo huhesabu hataza, viwanda na makampuni. Yafaa ihesabu pia shimo la sandarusi huko Mrima na kitambaa cha pamba huko Biharamulo, kwa kuwa mikono iliyoko ncha hizi mbili ndiyo iliyolipia mng'ao. Wa kwanza aliutoa ardhini bila jina lake kuandikwa. Wa pili anaulinda uliobaki, nao ni mwembamba kuliko unywele.