Kufunga au Kusakinisha? Maneno ya Mfumo wa Linux katika Kompyuta Kongwe

Wafasiri na walimu wametuuliza mara nyingi iwapo mtu "hufunga", "huweka" au "husakinisha" mfumo wa uendeshaji katika kompyuta. Swali hili laonekana dogo, lakini lina historia yake, na mwenye kulijibu ovyo aweza kumpotezea mwalimu mkuu kumbukumbu zote za shule.

Tuanze na kitu chenyewe. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kwa kompyuta zenye kichakataji cha 386. Alichokitoa mwezi uliofuata kilikuwa kiini tu. Zana nyingi zilizokizunguka zilitoka katika mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Kompyuta yake Torvalds ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4. Linux, basi, ilizaliwa nyembamba. Unene uliletwa baadaye na madirisha, picha na mapambo ya eneo-kazi. Ndipo wakatokea waliotaka kurudi kwenye wembamba ule. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, ambayo huweza kupakiwa yote katika kumbukumbu na kumwacha mtumiaji bila haja ya diski kuu. Damn Small Linux nayo haikuzidi megabaiti 50, na iliweza kuendesha hata kompyuta ya 486 yenye megabaiti 16.

Mifumo hiyo huitwa "myepesi", na hapa mfasiri hana budi kujihadhari. Kwetu wepesi ni kinyume cha uzito, lakini pia ni kinyume cha ugumu. Msomaji aambiwaye kwamba mfumo ni mwepesi hudhani kuwa ni rahisi kuutumia, ilhali aghalabu mfumo uliopunguzwa humdai mtumiaji maarifa zaidi. Sisi tungependelea "mfumo usiolemea kompyuta". Ni maneno mengi, lakini hayadanganyi.

Nchini Tanzania, ambako uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, lugha ya mitambo hii ilichelewa kupata makao. Hatua kubwa ilikuja Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wafasiri wa programu walikutana na tatizo ambalo fundi hakuwa nalo. Fundi husema "kufunga mtambo", na kila mtu humwelewa. Lakini katika kompyuta "funga" ni pia kinyume cha "fungua". Kitufe kilichoandikwa "Funga programu" kingemwamuru mtumiaji aiweke au aiondoe machoni? "Simika" lilifaa kwa nguzo na kwa askofu. "Sakinisha" lilitokana na kitenzi sakini, yaani kukaa, ambacho ni jamaa ya maskani. Mwenye kusakinisha huipa programu makao. Wako waliolicheka neno hili kwa ugeni wake. Sisi twaona ugeni huo ndio faida yake, kwa kuwa halina kazi nyingine ya kulichanganya. "Sanidi" nalo lipewe kazi inayofuata: kuchagua lugha, saa, mpangilio wa kicharazio na mtandao.

Hatari yenyewe imo katikati ya kazi hizo mbili, wakati diski inapogawanywa. Wako waliofasiri kila sehemu ya diski kwa neno "kizigeu". Hatuwaungi mkono: kizigeu ni kile kinachotenga, si nafasi iliyotengwa. "Sehemu ya diski" latosha. Baada ya hapo mtumiaji huulizwa kama diski yote itumike, na jibu la ndiyo huondoa kila kilichokuwamo. Kuandika hapo "safisha diski" ni kosa, maana nani asiyependa usafi? Hata "umbiza" halimwonyi asiyelijua. Hapo paandikwe "futa kila kitu kilichomo".

Haya si ya kuahirisha. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizoendeshwa nayo hazikubali Windows 11. Mwaka huo huo toleo la 13 la Debian liliacha kutoa kisakinishi cha kompyuta za biti 32, kwa hiyo mwenye kompyuta kongwe atazame kwanza aina ya kichakataji chake. Orodha yetu ya istilahi bado ina "safisha" mahali pa "futa". Tumeomba irekebishwe kabla ya toleo lijalo.