Hati za maabara: kwa nini kazi ya kuzipitia inapewa wadhifa, si jina la mtu

Ukipeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya hapa Bunia, wanamtoboa kidole, wanapima damu, na baada ya dakika chache unajibiwa: malaria iko, ao haiko. Nyuma ya jibu lile kuna karatasi. Inaeleza damu kiasi gani, matone mangapi ya dawa, kungoja dakika ngapi. Vipimo vya haraka haviko sawa vyote, kila chapa ina dakika zake. Kituo kikiletewa chapa nyingine, na karatasi ya ukutani ikabaki ya zamani, mpimaji anaweza kusoma jibu kabla ya wakati, na mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani bila dawa.

Kwa hiyo karatasi ile inapaswa kupitiwa. Kanuni ya kimataifa ya maabara za utabibu, ISO 15189, ambayo ilitolewa upya mwaka 2022, inataka kila hati ikubaliwe na watu wenye ujuzi na mamlaka kabla ya kutumika, kisha ipitiwe tena kwa vipindi. Kwetu Afrika kuna mafunzo ya SLMTA, yaliyozinduliwa Kigali mwaka 2009, na kuna orodha ya ukaguzi ya OMS inayoitwa SLIPTA, yenye kupa maabara nyota 0 mpaka 5. Chini ya asilimia 55 hakuna nyota. Kwa nyota tano lazima asilimia 95 ao zaidi. Sehemu ya kwanza kabisa ya orodha ile ni hati na kumbukumbu.

Sasa maabara ikianza kutumia programu ya kompyuta ya kusimamia ubora, mara moja programu inauliza: hati hii ipelekwe kwa nani ili aipitie? Wengi wanaandika jina. Ni rahisi, kila mtu anamjua fulani. Lakini Ituri watu hawakai. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, maabara za muda zilifunguliwa Bunia, Beni, Komanda na kwingine, na wataalamu wengi walikuja kwa kandarasi fupi. Tarehe 25 Juni 2020 mlipuko ukatangazwa kwisha, nao wakaenda. Wengine wanahamishwa, wengine wanakimbia vita. Hati iliyofungwa kwa jina la mtu aliyeondoka inabaki ikimngojea. Programu inatuma ukumbusho kwenye barua pepe ambayo hakuna mwenye kuifungua.

Raia tunalijua jambo hili bila kompyuta. Tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipoanza, magavana na mameya raia wa Ituri na Kivu ya Kaskazini walipisha wanajeshi na polisi. Barua iliyoandikwa «Kwa Gavana wa Jimbo» ilipata wa kuifungua hata hivyo.

Basi ndani ya programu, hati inapewa wadhifa: mkuu wa maabara, msimamizi wa ubora, msimamizi wa benki ya damu. Pembeni kuna orodha inayoonyesha nani anashika wadhifa gani leo. Mtu akibadilika, unabadilisha mstari mmoja tu, na hati zote za wadhifa ule zinamfuata mpya. Lakini jina halipotei. Siku ya kutia sahihi, programu inaandika jina la aliyesaini, tarehe na saa. Wadhifa ni wa kupeleka kazi. Jina ni la kujibu juu yake.

Pana mitego. Wadhifa wa «mpimaji» unaweza kuwa na watu wanne: je, mmoja akipitia inatosha, ao wote wanne? Programu nyingine zinachukua sahihi ya kwanza na kufunga kazi, kwa hiyo mpangilio huo uamuliwe mapema. Mtego mwingine uko kwenye maabara ndogo, ambako mtu mmoja anashika nyadhifa mbili. Ataandika hati kama msimamizi wa ubora, kisha ataikubali mwenyewe kama mkuu wa maabara. Hapo kuipitia ni jina tu. Afadhali kumuomba mkuu wa maabara ya hospitali jirani asome. Tena, kazi zilizokwisha kutumwa kabla ya badiliko, programu nyingine haziendi zenyewe kwa mpya. Lazima uzihamishe kwa mkono.

Mkuu akienda likizo, aandikwe wa interimu, na tarehe ya mwisho ya interimu. Kibaya kuliko vyote ni kuacha neno la siri kwa wenzake «ili kazi isisimame». Kwa mkaguzi, na kwa familia ya mgonjwa siku shida ikitokea, sahihi ile ni ya mtu ambaye hakuwepo.

Kituo kisicho na kompyuta, ao chenye kukosa kourant mchana kutwa, kinaweza kufanya vilevile kwa daftari. Safu ya hati, safu ya wadhifa wenye kuipitia, tarehe ya kupitia tena, jina na sahihi ya aliyepitia. Orodha ya nani anashika wadhifa gani ibandikwe ndani ya jalada, na ibadilishwe siku ileile mtu anapokabidhi funguo.