Nyumba ya Holkham na ule mzunguko tulikariri

Wenzangu, wote tuliopita agronomi tunakumbuka mzunguko wa Norfolk, miaka 4: naveti, shayiri, trefli, ngano. Tulikariri, tukapata pointi, tukasahau. Hakuna prof alituambia kama nyuma ya ile mistari kuko nyumba.

Inaitwa Holkham Hall, karibu na bahari ya Norfolk, Uingereza, kwenye udongo mwepesi wa mchanga. Kijana Thomas Coke alizunguka Ulaya miaka 6, akarudi toka Italia kichwa kimejaa majumba ya Palladio. Lakini 1720 akapoteza pesa nyingi katika hisa za kampuni ya South Sea, ujenzi ukangoja mpaka 1734. William Kent njo alikuwa kati ya wachoraji wake. Katikati kuko jumba kubwa, na kwenye pembe 4 nyumba ndogo: ya familia, ya wageni, ya kanisa, ya jikoni. Nje ni matofali ya rangi ya majani makavu, bila mapambo, unaweza kuwaza ni kambi ya askari. Sasa ingia: nguzo, ngazi, dari iko karibu metre 15 juu. Wanaita Ukumbi wa Marumaru, kumbe sehemu kubwa ni alabasta ya Derbyshire! Coke alikufa 1759, kazi haijaisha. Mjane wake Margaret njo alimaliza, 1764.

Nani alikuwa analipa ile yote? Sanasana wakulima wapangaji, kwa kodi yao ya mashamba.

Mwaka 1776 mali ikafikia Thomas William Coke. Wengine wanasema yeye alivumbua mzunguko. Hapana, wakulima wa Norfolk walikuwa nao tayari. Yeye alitoa mikataba mirefu, mpaka miaka 21. Kodi ilipanda pia, hakuwa malaika. Lakini mtu mwenye miaka 21 anaweza kumwaga udongo wa chokaa shambani na kupanda trefli, juu anajua mavuno ya kesho ni yake. Alipokufa, 1842, wapangaji wakachanga pesa za mnara. Chini yake wakaweka sanamu za ng'ombe, kondoo, plau na mashine ya kupanda mbegu.

Mwaka jana, kwenye milima karibu na Bukavu, nilishauri mama mmoja apande mukuna kwa nusu ya shamba, udongo upumzike. Yeye anakodi kwa msimu mmoja tu. Akaniuliza: «Mwanangu, nilishe udongo, kisha mwenye shamba amupe mwingine?»

Nilikuwa na kozi yote kichwani. Jibu sikukuwa nalo.