Khadija Kopa na Tamthilia Isiyoandikwa: Sanaa ya Jukwaa Kutoka Pwani Hadi Tunduma

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini mji wake maarufu kuliko yote, Tunduma, ulikuwa umeshajulikana miaka mingi kabla. Ulikua kwa maroli, forodha na biashara ya kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliupa njia ya pili ya kuungana na Dar es Salaam, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Katika mji wa namna hiyo sanaa ya jukwaa ilibidi ije kwa redio, kwa kanda za kaseti na kwa misafara. Anayetaka kuandika historia ya mwigizaji wa tamthilia ya muziki kwa macho ya watu wa huku atafika kwa Khadija Kopa, ingawa wengi humtaja kama mwimbaji tu.

Jukwaa lililomlea Kopa lilianza kujengwa mapema. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikafuata kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1965 vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, mafunzo yalihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, nayo maonyesho yakashikwa na mashirika ya umma, majeshi na watu binafsi. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilianzishwa mwaka 1980 na kupata jina kubwa.

Onyesho la vikundi hivyo lilikuwa na utaratibu wake. Mtu alilipa kiingilio kimoja, akakaa kwenye ukumbi au uwanja wa baa kwa saa kadhaa, akatazama ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na muziki. Igizo halikuwa na kitabu. Kiongozi alitoa kisa, wasanii wakagawana nafasi, maneno yakajengwa katika mazoezi na kubadilishwa kila watazamaji walipocheka au kunung'unika. Msanii aliyecheza ngoma saa mbili usiku angeweza kuwa mke mwenye wivu saa nne. Kwa hiyo kuimba, kucheza na kuigiza vilikaa katika mwili mmoja, na hiyo ndiyo maana halisi ya tamthilia ya muziki, hata kama kwetu haikuitwa hivyo.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporudi, ikazaliwa Tanzania One Theatre, TOT, chini ya mbawa za CCM na uongozi wa Kapteni John Komba, mwanajeshi aliyejulikana kwa kwaya. TOT ilitaka kuishinda Muungano kwa jambo ambalo wapinzani hawakuwa nalo, ikaigeukia taarab. Kopa, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1963, alikuwa akiimba Culture Musical Club, kikundi cha Unguja kilichoanza mwaka 1958. TOT ikamvutia kuja bara, pamoja na mwanamuziki Othman Soud.

Kuhama huko kulibadili sanaa yenyewe. Katika taarab ya Unguja mwimbaji alisimama kwa utulivu mbele ya fidla, udi na kanuni, na ujumbe mkali ulifichwa ndani ya mafumbo. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, alikuwa ameshaonyesha kwamba mwanamke wa tabaka la chini anaweza kuitikisa jamii kwa wimbo wa namna hiyo. Kwenye jukwaa la TOT kulikuwa na kinanda cha umeme, ngoma za dansi na watazamaji waliotoka kucheka vichekesho muda mfupi uliopita. Kopa akaimba kwa jicho, kwa bega na kwa kiuno. Alimwigiza mke mkubwa, suria, jirani mwenye husuda, na mipasho ikapata sura ya mtu anayesema na mwenzake aliye ukumbini.

Muungano ilijibu kwa kumweka mbele Nasma Khamis, maarufu kama Nasma Kidogo. Wimbo wa upande mmoja ulizaa jibu la upande wa pili, hata maumbile ya mwimbaji yakawa hoja ya kutupiana. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Wao nao walikuwa na nafasi katika mchezo: mwanamke aliyenyanyuka kwenda kutunza aliinua noti juu, akalizungusha jicho lake ukumbini, na kila mtu akajua beti ile amempelekea nani. Mwimbaji alimpa maneno ya kusema bila yeye kufungua mdomo.

Maonyesho hayo yalipofika nyanda za juu kusini yalikutana na masikio tofauti. Wamisionari wa Moravian walikuwa Mbozi tangu mwisho wa karne ya 19, na kwaya imekuwa sehemu ya maisha ya Songwe kwa vizazi. Kwaya ya Komba kwa hiyo ilikuwa kitu cha nyumbani, ilhali taarab ilikuwa mgeni wa pwani. Igizo ndilo lililomfungulia mgeni huyo mlango. Hata asiyejua udi wala kanuni aliufahamu ugomvi wa wake wenza na kijembe cha jirani. Siasa, kwa upande wake, haikufuata wimbo kila mara: TOT ilizunguka nchi na kampeni za CCM, lakini mwaka 2015 Tunduma ilimchagua mbunge wa Chadema. Mtu aliweza kulifurahia jukwaa na kura yake akaipeleka kwingine.

Komba alifariki Februari 2015, wakati ambapo enzi ya maonyesho marefu ilikuwa imeshafifia kwa nguvu ya televisheni, filamu za video na muziki wa kizazi kipya. Kopa hakuzama nayo. Mwaka 2020 binti yake, Zuchu, alitambulishwa na lebo ya Wasafi, na mama na mwana wakashirikiana katika wimbo Mauzauza.

Zuchu amerithi uigizaji ndani ya uimbaji, ila mwenzake jukwaani sasa ni kamera. Historia ya mama yake ikiandikwa kwa kuhesabu nyimbo peke yake, nusu ya kazi itapotea, kwa sababu kanda zilihifadhi sauti na kuacha igizo, vichekesho na majibizano ya ukumbini. Nusu hiyo sasa imo katika kumbukumbu za waliocheza na waliolipa kiingilio, wakiwamo watazamaji wa mikoa ya mbali na Dar es Salaam. Hao ndio wa kuhojiwa kwanza.