Shule, Skuli na Lango la Boma

Chuo hapo kale kilikuwa kitabu, ndipo tukapata mwanachuoni. Baadaye kikawa mahali pa kusomea Kurani, leo hutoa shahada. Shule tuliachiwa na Wajerumani. Wenzetu wa Zanzibar husema skuli, kutoka Kiingereza.

Kakesio, upande wa Ngorongoro, maneno hayo yote yalifika yakiwa wageni. Mtoto wa Kimaasai alikuwa na mafunzo yake: alianza na ndama, akaishia kukabidhiwa ng'ombe, na walimu wake walikuwa kaka waliomtangulia malishoni.

Nilifika huko miaka ya 1980, mwanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, kabla sijahamia sekondari. Sheria ya Elimu ya 1978 ilikwisha kumlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, nami nikadhani tatizo la lugha limekwisha. Nikamwuliza mvulana wa darasa la pili, "Kwenu mna ng'ombe wangapi?" Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kosa letu walimu. Kimya. Nikaandika: hajui kuhesabu.

Jioni nilimkuta langoni mwa boma, ng'ombe wakiingia. Walipokwisha, alisema maneno machache kwa Kimaasai. Baba yake akachukua fimbo, akatoka. Nikaambiwa kuwa mmoja hajarudi, yule mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Mtoto hakuwa amehesabu. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Tena, mzee mmoja alinieleza, kumtajia mgeni idadi ya mifugo si adabu.

Asubuhi nilitaka kulifuta lile neno, lakini daftari lilikwisha kukusanywa.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne. Watoto wengi wa wafugaji wakapita mikononi mwangu. Aliyeacha lugha ya mama mlangoni mwa darasa la kwanza, sasa aliacha na Kiswahili mlangoni mwa kidato cha kwanza, masomo yakawa Kiingereza. Wengi walinyamaza kama yule mvulana.

Kipindi changu kilikuwa Kiswahili. Insha ya kwanza nilikuwa nikiwapa hii: "Ng'ombe ninayemjua." Rangi nyingine hazikuwa na jina katika Kiswahili changu, wakaziandika kwa Kimaasai, nikawaacha. Hakuna aliyerudisha karatasi tupu.