Akiba Inayooza: Sheria na Nafaka katika Uwanda wa Kati

Wahenga walisema akiba haiozi. Historia ya Dodoma inatulazimu kuuliza: akiba ya nani, na inalindwa na sheria ipi?

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ugogo ilikamuliwa mara mbili. Wajerumani walichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakafanya vivyo hivyo. Mvua zilipokosekana, vihenge vilikuwa vitupu. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua maelfu ya watu. Baadaye Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikawa chombo cha kuwaamuru wakulima kupanda mazao ya kinga ya njaa. Dola iliyokomba ghala ikageuka kumfundisha mwenye ghala kujiwekea akiba.

Baada ya uhuru, serikali ilishika biashara ya mahindi kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa. Adui mwingine akaja bila hodi: dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi walimbandika jina la Scania. Kutunza mahindi katika magunzi hakukutosha tena. Ikabidi kupukuchua na kutia dawa.

Pigo la mwaka 2016 lilikuwa kubwa zaidi. Sumukuvu katika mahindi iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Tangu hapo hakuna anayeweza kudai kwamba upotevu wa mazao ni hesabu ya magunia tu.

Leo tunao Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna wa 2019 hadi 2029. Tulikuwa pia miongoni mwa walioahidi huko Malabo, mwaka 2014, kupunguza upotevu huo kwa nusu ifikapo 2025. Lakini mkakati si sheria: haumbani mtu, wala hauna fungu lake.

Wapo wanaotutaka tuige Ufaransa, ambayo mwaka 2016 ilikataza maduka makubwa kuharibu chakula kisichouzwa. Ni sheria njema, kwao. Kwetu sehemu kubwa ya chakula hupotea kabla ya kufika dukani: juu ya udongo mkavu kinapoanikwa, katika gunia lenye unyevu, ndani ya lori. Na kila gunia linalooza linamfanya mkulima afyeke pori jingine kufidia, huku mabaki ya sokoni yaliyofukiwa dampo yakitoa gesi ya methani inayozidisha joto. Uwanda wenye msimu mmoja wa mvua hauwezi kumudu hasara hiyo.

Njia iko karibu. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwa mujibu wa sheria, na soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, linaonyesha wingi wa nafaka inayopita mikononi mwetu. Sheria ndogo ielekeze sehemu maalumu ya ushuru huo irudi kijijini kama maturubai, vipima unyevu, mifuko ya kinga njaa na maghala. Na taarifa ya matumizi isomwe katika mkutano wa kijiji.

Kwa zaidi ya karne moja sheria imejua njia ya kuingia katika kihenge cha mkulima ili kuchukua. Sasa ijifunze kuingia ili kulinda.